Vijiti vya Mkunguni

Gesi ilikwisha Alhamisi, mbaazi zikiwa nusu mbichi,
na Baba, ambaye maneno huyatoa kama mtu atoaye mwiba,
alisimama mlangoni akasema: "Yeo twendeni Mkunguni."
Mama aliufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena.
Mwaka wa kumi na mbili huu anawauzia watu mahamri pale kizingitini
na hakuna aliyewahi kumwambia: keti, uletewe.

Tukafuatana usita mzima nyuma ya punda wa mchanga,
Baba mbele, Mama na buibui lililotolewa sandukuni
likinukia udi wa harusi ya mtu mwingine,
mimi nikimshika Lali mkono,
Lali mkono wake wa pili kautia mfukoni
kana kwamba humo mna kitu.

Moshi ulitupokea kabla hatujafika.
Viazi karai ndani ya koti lao la manjano,
bajia za kunde, ukwaju kwenye chupa iliyokuwa ya sharubati,
sinia la kaimati zinazong'aa kama zimetoka kuoga,
na Mbarak Shekue, kipepeo mkononi, akiyapiga makaa
vikofi vidogo vidogo, vya kumwamsha mtoto asiyetaka chuo.

Tukakaa barazani, mkabala na ngome.
Mama aliketi, lakini hakukaa:
macho yake yalikuwa karaini.
"Mafuta haya ya juzi," alininong'oneza.
Kisha, "Unga umezidi maji."
Kisha akaonja, akanyamaza, akaonja tena.
"Pilipili yake, lakini," akasema, kama mtu anayekiri deni.

Mishkaki ikaja. Ikaja tena. Ikaja mara ya tatu.
Pale haandiki mtu: unakula, vijiti unavirudisha sahanini,
na mwisho vijiti ndivyo vitakavyosema umekula kiasi gani.
Baba alikula viwili akasema ameshiba.
Uongo ule tunaujua, una sauti yake.
Lali akainama kufunga kiatu.
Alikuwa amevaa ndara.
Ndara hazifungwi; ningefikiri hapo.

Mbarak akavihesabu kwa ncha ya kidole: "Ishirini na mbili."
Baba akaingiza mkono mfukoni.
"Ishirini na sita," akasema Mama.
"Mama Tima, mimi naviona ishirini na mbili."
"Wewe ni mtu wa kuona. Mimi ni mtu wa kuhesabu."
Akanyosha kiganja bila kumtazama yeyote,
na Lali, masikio yakimwaka, akavitoa vinne chini ya kikoi,
kimoja kikiwa kimemchoma paja.
"Nilimsikia Baba," alisema. "Usiku. Akihesabu."

Baba aliutazama mkungu kwa muda mrefu
kana kwamba umemuuliza kitu.
Akalipa ishirini na sita.
Noti ya mwisho ilikuwa imekunjwa mara nyingi
hata ikawa ndogo kama hirizi.

Kurudi, hakuna aliyemgombeza. Hilo ndilo lililomliza.
Mama alimpa kaimati ya mwisho, akamfuta shira kidevuni
kwa ncha ya lile buibui la sandukuni,
na vijiti vinne akavitia mkobani.
"Tumevilipia," alisema.

Alfajiri aliazima mtungi wa gesi kwa Bi Mwanaate,
na kwa kijiti kimoja akawa anageuza mahamri
yakivimba, yakiguna ndani ya mafuta mapya.
Mbarak mwenyewe alikuja kabla ya jua,
macho mekundu bado ya moshi wa jana, akaomba kumi.
Akayahesabu ndani ya gazeti. Akayahesabu tena.
"Mama Tima, yako kumi na mawili."
"Wewe si mtu wa kuona?" alisema Mama,
mgongo kampa, mkono karaini.
"Basi ona kumi."